Pampu ya Sita Inaita

Jumamosi ile nilikuwa nashona sare za kwaya ya parokia, kitambaa cha bluu chenye maua meupe, na nilikuwa na hasira. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa amenenepa tangu nimpime na hakutaka kukubali. Alisema kitambaa ndicho kimepungua. Nje, upepo wa kiangazi ulikuwa unasukuma lile vumbi letu la Kolwezi linaloingia hata kwenye sukari, na malori ya upande wa Kingamyambo yalikuwa yanapita kama kawaida yake, bila kumhurumia mtu. Mdogo wangu Stany alikaa barazani na kompyuta mapajani, miguu juu ya ndoo, akitafuna karanga. Nayasema haya msije mkadhani nyumba yangu ina historia. Ni nyumba ya matofali hapa Manika, ina paa la bati na mwenye nyumba msumbufu, basi.

Stany ndiye kitinda mimba wetu. Mama alipofariki nilimlea mimi, nikamsomesha kwa cherehani hii hii, kwa hiyo msishangae nikimsema kama mtoto ingawa ana ndevu. Anafanya kazi ya kompyuta kwenye kiwanda kimoja nje ya mji, kimoja cha vile vinavyosafisha upya mabaki ya madini, lile tope la kijivu lililotupwa zamani ambalo siku hizi linatolewa shaba na kobalti. Jina la kiwanda sitalitaja, mdogo wangu bado anakula huko. Wiki ya zamu yake huja na kompyuta nyumbani, maana kiwanda kikiita lazima ajibu, hata akiwa chooni.

Kazi yenyewe aliwahi kunieleza nikaelewa. Kiwandani kila pampu inasema. Inatuma mstari mmoja wa maandishi: mimi pampu fulani, nazunguka, joto langu ni kiasi hiki, anayenisimamia ni fulani. Ipo programu inayoikusanya mistari hiyo yote na kuipanga, na programu hiyo hupewa amri kwa lugha yake yenyewe, lugha ndogo yenye masharti mengi kuliko mama mkwe. Ukikosea alama moja inanuna. Au, vibaya zaidi, hainuni, inaendelea na kazi huku inakudanganya. Wiki nzima Stany alikuwa anaziandika upya amri hizo, na siku ile alikuwa amemaliza.

"Yaya, kuya uone," akaniita, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Inatembea."

Nikainuka na pini zangu mdomoni. Kwenye kioo mistari ilikuwa inapanda haraka, mmoja juu ya mwingine. Pampu ya kwanza, pampu ya nne, mkanda wa kusafirisha udongo, tangi la asidi. Na kila mstari, pale panapokaa jina la msimamizi, paliandikwa neno moja. Ntambwe. Ntambwe. Ntambwe. Nikatema pini.

Hapa lazima niwaambie Ntambwe alikuwa nani. Alikuwa mume wa Mushiya, jirani yangu wa pale kwenye kona, na ndiye aliyemtafutia Stany kazi. Alikuwa anaisimamia pampu ya sita, ile iliyo ukingoni mwa bwawa la tope. Mwezi wa pili, mvua zikiwa nyingi, ukingo ulimomonyoka akateleza ndani, tope likamfunika. Walimtafuta kwa kamba na kulabu hadi wakachoka. Tukazika koti lake la kazi. Na kwetu, katika ukoo wetu uliotoka Kasai na babu zetu walioletwa hapa kwa kazi ya migodi, mtu akizikwa bila mwili, jina lake halitajwi mpaka kilio kiondolewe, ile siku ya kumaliza matanga. Unasema "bwana ya Mushiya" au unasema "yule". Sababu yake hata mtoto anaijua. Aliyekosa kaburi hajui pa kulala, na akisikia jina lake anadhani anahitajiwa. Atakuja. Akija, naye atamwita yule aliyemwita. Na mwenye kuitika amekwenda naye.

"Stany," nikasema polepole. "Umeandika jina ya nani pale?"

Akacheka, mjinga yule. Akanieleza kwamba katika ile lugha unahitaji kikopo cha kushikia kitu kwa muda mfupi, na kikopo lazima kiwe na jina ili ukitaka kilichomo ukiite. Wao wanakiita variable. Wenzake huvipa vikopo vyao majina ya wachumba zao, mbwa zao, timu zao za mpira. Yeye alikuwa anatafuta jina la kile kikopo cha wasimamizi, akamkumbuka mtu aliyemfungulia mlango wa kazi.

"Na juu ya nini eko mu kila laini?"

"Nilisahabu alama ya dola ku mbele. Bila dola, programme haiyue kama ni kikopo. Inawaza ni neno tu, inaandika vile iko."

"Tosha ile jina. Ifute."

"Yaya. Kuandika haiko kuita."

"Na hiyo masini, inasomaka ile jina mara ngapi?"

"Ku kila laini."

"Laini ngapi mu siku moya?"

Akaacha kutafuna. "Mingi," akasema. Lakini kijana wa kompyuta hashindwi na fundi cherehani kirahisi hivyo. Akaniambia jina hilo limetawanyika katika faili zima, akiling'oa kwa pupa ataharibu kazi ya wiki, Jumatatu atalibadilisha kwa utulivu. Akaongeza ile alama ya dola, akawasha upya, na kweli majina ya watu hai yakatokea kila mmoja mahali pake: Kitenge, Mbuyu, na wengine. Nikarudi kwenye blauzi ya yule mama aliyenenepa. Nikajichoma sindano.

Haukupita muda akaguna. Sasa Kitenge alikuwa anasimamia kiwanda kizima, pampu zote, hata lango. Stany akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kumbe kuna vikopo vya aina mbili. Kimoja kinamwagwa kila ujumbe ukipita, kingine hakimwagwi kamwe, na kinachotofautisha ni kialama kidogo baada ya dola: ukitia nukta kinamwagwa, ukitia mkwaju, ule mstari ulioinama, kinabaki na vya jana. Yeye alikuwa ametia mkwaju. Nilimwelewa vizuri, maana ni kosa la fundi mvivu, kumshonea kila mtu kwa vipimo vya mteja aliyetangulia. Akatia nukta. Programu ikalikagua faili, ikasema hakuna kosa. Mistari ikaanza kupita safi, na mimi nikaenda kuchochea makaa.

Nilipotoka jikoni nilimkuta amesimama. Kompyuta ilikuwa chini sakafuni, na yeye anaitazama kwa mbali.

Pampu ya sita. Inazunguka. Msimamizi: Ntambwe Mukendi.

Pampu ya sita ilikuwa imekatwa umeme tangu siku ya ajali. Na Stany hakuwa ameliandika Mukendi, jina la pili la marehemu, popote katika vikopo vyake. Alikuwa ameandika Ntambwe tu.

Akampigia simu mkuu wa zamu, tata Godefroid, tata ni baba kwa heshima, akaiweka kwa sauti ya nje nami nikasikia.

"Chef, pompe six inazunguka?"

"Unakunywa pombe saa hii? Tulikataka kamba yake ya courant."

"Enda uangalie, chef. Tafazali."

Tukasikia buti zake kwenye changarawe. Tukasikia upepo, kisha mlango wa chuma.

"Iko vile tuliiacha," Godefroid akasema. "Kamba inaninginia ku ukuta."

"Basi, merci chef."

"Stany." Sauti yake ikashuka. "Nimeweka mukono juu yake. Iko moto."

Jioni ile ile aliling'oa jina. Jumatatu haikungojwa tena. Alipitia faili mstari kwa mstari, kila penye lile jina akatia herufi moja, a, nami nimesimama nyuma yake kama askari. Programu ikakagua, hakuna kosa. Pampu ya kwanza ikasema Mbuyu. Mkanda ukasema Kitenge. Pampu ya sita ikasema Ntambwe Mukendi.

"Yaya, ile jina haiko tena mu fichier."

"Naona."

"Sasa inatoka wapi?"

Nikakunja kitambaa cha bluu. Nikakikunjua. Nikakikunja tena. Nilikuwa na jibu lakini sikutaka kulisikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Jumapili haikutokea kitu, na nilianza kujicheka. Jumatatu kengele ikalia.

Kengele za kiwanda zina sheria yake. Mtambo ukilalamika, kengele inalia kwenye kompyuta ya mwenye zamu, kwenye simu yake, na kule chumba cha uongozi, na hainyamazi mpaka mtu aitikie. Wao wanasema kuacquitter. Unabonyeza mahali pamoja, na programu inaandika: ameitikia fulani. Ndivyo wanavyojua nani alisikia na nani alilala. Na kengele za kawaida huita idara, umeme, ufundi, zimamoto. Hii iliandika hivi: Pampu ya sita inamwita Stany.

Akanyoosha kidole. Nilimpiga mkono kwa rula ya kupimia, ile ya mbao, na alama ilibaki.

"Usiitike!"

"Yaya, hii njo kazi yangu!"

"Kazi utapata ingine."

Ikalia. Akazima kompyuta, ikalia kwenye simu. Akazima simu, Godefroid akatuma mtu na pikipiki kutuambia inalia kule na watu hawasikilizani. Stany akaiondoa pampu ya sita katika orodha ya mitambo yote ya kiwanda, kana kwamba haijawahi kutengenezwa. Ikalia. Mkuu wa kitengo chake akampa onyo. Godefroid akapiga simu kila baada ya muda, mara anabembeleza, mara anafoka.

"Acquitte tu, petit, tufanye kazi! Unabonyeza, inaisha!"

Nikamnyang'anya Stany simu. "Tata Godefroid, we mwenyewe uko pale. Bonyeza we."

Niliisikia ile kengele nyuma yake, nyembamba, haichoki.

"Mi haikuniita, mama," akasema.

Nawaambieni, wiki ile sikushona kitu. Nilikuwa naingia nyumbani natoka, nafagia palipofagiliwa, nafungua mlango kuangalia barabara kisha naufunga. Mama wa kwaya alikuja kufuata blauzi yake, nikamfukuza, na alikuwa na haki ya kununa. Stany alikonda. Akawa anageuza kichwa ghafla katikati ya maneno, kama mtu aliyeguswa bega. Nikimuuliza, anasema, "Hapana, ni upepo." Akawa anakwepa kusimama karibu na ndoo ya maji. Nikamuuliza sababu, akasema maji yananuka tope. Nikayanusa. Yalikuwa maji tu.

Alhamisi, mchana kweupe, jua linawaka, alijilaza kwenye mkeka pale sebuleni akasinzia. Kengele ilikuwa inalia chini ya mito niliyoirundika juu ya kompyuta. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nikaona kidevu chake kinasogea. Midomo ikajipanga. Kifua kikapanda, kikajaa hewa, kama mtu anayetaka kujibu hodi. Nikakitupa kisu. Nikamrukia. Nikaufunga mdomo wake kwa kiganja, na ndani ya kiganja nikaihisi pumzi ya neno linataka kutoka.

Akaamka, macho makubwa. "Juu ya nini unanifunga kinywa?"

"Ulikuwa unaitika."

Akanitazama. Halafu mwanaume yule mwenye ndevu akaweka kichwa chake begani pangu akalia, na mimi nikalia naye. Sina mwingine. Wote waliobaki wa tumbo la mama yetu ni sisi wawili, na nilikuwa nikimwona anachukuliwa nyumbani kwangu, mchana, na kengele ya kompyuta.

Basi nikafanya lile ambalo ningeweza kulifanya. Kilio cha Ntambwe kilikuwa hakijaondolewa, ukoo ulikuwa unangoja kiangazi kiishe. Mwenye kumwambia marehemu alale ni mjane wake, na lazima aseme mbele ya aliyemwita, pale pale alipoitiwa. Na aliitiwa kwenye kompyuta. Nikajifunga kitenge nikaenda kwa Mushiya.

Mushiya alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole, mwenye mazoea ya kuomba radhi hata umemkanyaga wewe. Tangu mwezi wa pili hakuna aliyemwona akitoa chozi. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamweleza yote, kikopo, jina, pampu, kengele. Niliogopa atakasirika kwamba mdogo wangu amemchezea marehemu wake. Hakukasirika. Mikono yake ilisimama tu ndani ya ungo.

"Anaita?"

"Eeh, mama. Anaita."

"Anaita nani?"

"Stany."

Akatazama maharage. "Mi nilimungojea mvua yote ile," akasema. "Nilikuwa nalala mulango wazi. Na anaita Stany."

Nilidhani ni uchungu wa mjane, nikamshika mkono. Akakubali kuja Jumapili baada ya misa. Hata akaniuliza avae nini.

Akaja amevaa nguo nyeusi, kichwani kitambaa kipya. Nilikuwa nimeiweka kompyuta juu ya meza ya cherehani, na kando yake glasi ya maji ya kumwaga chini maneno yakiisha. Najua mnavyoona, wanawake wawili wa misa ya kwanza wamesimama mbele ya kompyuta kama mbele ya jeneza. Wakati mwingine hata mimi nilitaka kucheka. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linapigapiga, na nje watoto walikuwa wanacheza mpira. Nikaondoa mito. Kengele ikajaa chumba kizima.

Stany akasimama upande wangu wa kulia. Alikuwa anatoka jasho.

Nilikuwa nimemfundisha Mushiya maneno. Lala. Kazi imeisha. Hapa hakuna mwenye kukuita. Maneno mafupi, mtu hawezi kukosea.

"Ntambwe," akasema.

Tangu mvua zile hakuna aliyekuwa amelitaja jina hilo kwa mdomo mbele yake. Pazia likaacha kupiga. Wale watoto wa mpira sikuwasikia tena, sijui kama walinyamaza au masikio yangu ndiyo yaliziba. Kengele ikaendelea, lakini chini chini sasa, karibu sana, kama iko ndani ya chumba na si ndani ya mashine. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo.

Pampu ya sita. Stany.

Pampu ya sita. Stany.

Stany.

Stany.

Harufu ya tope ikaingia. Safari hii niliisikia mimi mwenyewe. Tope bichi, na asidi nyuma yake inayowasha koo.

Nikageuka. Kifua cha Stany kilikuwa kimejaa hewa.

Nikamziba mdomo. Akaniuma. Sikuachia. Damu ikateremka mkononi na bado sikuachia. Alikuwa na nguvu ambazo si zake, ananisukuma kuelekea meza, na macho yake hayakuwa yananiona.

"Mushiya!" nikapiga kelele. "Sema! Mwambie alale!"

Mushiya hakuwa ananitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Uso wake ulikuwa umelainika wote.

"Niko," akasema.

Hakupaza sauti. Alijibu vile mke anavyomjibu mumewe aliyemwita kutoka uani.

"Niko hapa, tata. Mi njo nilikuwa hapa siku yote."

Kengele ikakatika.

Stany akaniangukia mzima mzima, tukaenda chini wote wawili. Kutoka pale sakafuni niliuona mstari mmoja mpya kwenye kioo, na chini yake hapakuja mwingine.

Pampu ya sita. Msimamizi: Ntambwe Mukendi. Ameitikia: Mushiya.

Hakuna aliyegusa kitu. Ile kompyuta Mushiya hakuikaribia hata kwa nguo yake. Baadaye Stany alitafuta katika mtambo wote wa kiwanda, kila orodha ya wafanyakazi, kila kikopo. Jina la Mushiya halimo. Mwanamke yule hakuwahi hata kuvuka lango lao, siku ya ajali walimwacha nje.

"Umefanya nini?" nikamwuliza. "Mama, umefanya nini?"

Akakiweka sawa kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa anatabasamu, na nilijua ndiyo mara ya kwanza tangu Februari. "Ako na njaa," akasema. "Naenda kupika."

"Ngoja nikufikishe."

"Haiko mbali, yaya. Ukae na mudogo yako."

Nikakaa. Stany alikuwa anatetemeka mikononi mwangu, mwili wake unawaka homa, na kila nikimwachia anashika nguo yangu. Hadi homa ilipomtoka kulikuwa kumekwisha pambazuka.

Hayo mengine kila mtu wa mtaa wetu anayajua. Majirani walimwona Mushiya Jumapili ile, jua likiteremka, anapita barabarani amevaa kitenge chake cha sikukuu. Alikuwa anaongea na mtu upande wake wa kushoto na anacheka. Upande wake wa kushoto hapakuwa na mtu. Hakuonekana tena. Ndugu zake walikuja kutoka Sandoa, polisi wakaandika, kiwandani wakavuta tena kulabu bwawani kwa siku kadhaa na hawakupata kitu, hata kiatu. Tukafanya kilio cha pili. Pampu ya sita waliifungua vipande vipande wakaiuza chuma chakavu, na tangu hapo haikusema kitu.

Stany ni mzima. Amerudi kazini, amenenepa, anacheka kama zamani. Vikopo vyake sasa ni a, b na c, na wenzake wanamtania kwamba hana ubunifu. Ananiambia, "Yaya, iliisha." Namwambia ndiyo, iliisha. Nampenda kuliko macho yangu, na mtu unayempenda hivyo kuna mambo humwambii.

Maana Jumatatu ile asubuhi mimi ndiye wa kwanza kuingia kwa Mushiya. Mlango ulikuwa wazi. Nikaita, kisha nikajiziba mdomo kwa kosa la kuita. Ndani palikuwa safi, pamepigwa deki. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe, bukari, ule ugali wetu, samaki, na mchicha wa lengalenga. Sahani mbili zilikuwa zimeliwa zikaisha, miiba ya samaki imewekwa pembeni kwa adabu, na bakuli la kunawia lilikuwa na maji ya kijivu, mazito. Viti viwili vilikuwa vimesogezwa karibu karibu hadi vinagusana.

Kiti cha tatu kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, vile unavyomwekea mgeni uliyekwisha kumwita kwa jina, unayejua yuko njiani. Mbele yake palikuwa na sahani iliyofunikwa. Niliifunua. Bukari ilikuwa haijaguswa, na bado ilikuwa inatoa mvuke.